Maneno Kwenye Vigingi

Kompyuta ilimuuliza Nyaruai swali ambalo halikuwa sehemu ya mtihani: je, alitaka alama zake zihifadhiwe na kutumwa, au zifutwe? Akichagua kuzihifadhi, angeziona papo hapo. Akichagua kuzifuta, hakuna mtu duniani ambaye angezijua, hata yeye mwenyewe. Ukumbi ule wa Nairobi ulikuwa na baridi ya mashine, na watu waliokaa kando yake walibofya kwa kujiamini, utadhani walizaliwa na Kiingereza mdomoni. Nyaruai alikumbuka maneno yote aliyoyakisia asubuhi ile, moja baada ya jingine. Akafuta.

Aliporudi Kitale alimwambia baba yake kwamba ameanguka. Lilikuwa jibu fupi na lilionekana kukaa karibu na ukweli. Mzee Mathenge alivua kofia, akaikung'uta vumbi, akasema mtihani ni mtihani. Hakuuliza lingine. Nyaruai alikuwa amepewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Mathenge, na kwa desturi ya Wagikuyu mzee alimwita maitu, yaani mama. Na nani humhoji mama yake? Jumapili iliyofuata mzee alisimama nje ya kanisa akiwaeleza waumini kwamba binti yake alifanya mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili ng'ambo, mtihani ambao huwaangusha hata Waingereza wenyewe. Nyaruai alikuwa nyuma yake, anasikia kila neno, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Profesa mmoja wa ng'ambo, bingwa wa sayansi ya mbegu, alikuwa amesoma barua pepe za Nyaruai kuhusu mahindi ya nyanda za juu akazipenda. Alimwandikia kwamba nafasi ipo, maabara ipo, na gharama zitashughulikiwa. Lilibaki sharti moja ambalo profesa mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuliondoa: chuo kilidai alama fulani katika sehemu ya msamiati wa Kiingereza. Hesabu hazikumtisha Nyaruai. Angezifanya huku akimenya viazi. Maneno ndiyo yaliyokuwa yamekaa mlangoni, na mlango ungefungwa mwisho wa Septemba ya mwaka uliofuata.

Hofu yake ya Kiingereza haikuwa ya jana wala juzi. Katika shule ya msingi aliyosoma kulikuwa na disiki, kibao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Mwanafunzi aliyesikika akiongea lugha ya nyumbani alivikwa shingoni, naye akakaa nacho akitega masikio mpaka ampate mwingine wa kumvika. Nyaruai alipenda kuongea, na Kigikuyu ndicho alichokuwa nacho tele, kwa hivyo kibao kile kilimzoea. Alijifunza kwamba Kiingereza ni lugha ya kukamatwa. Baadaye chuoni aliandika vizuri na kunyamaza vizuri zaidi, na wahadhiri wakamsifu kwa utulivu wake. Hakuwa mtulivu hata kidogo, alikuwa anaogopa.

Ndiyo maana kabla ya mtihani ule wa kwanza alijifungia chumbani akayakariri maneno kwa alfabeti, jinsi mtu anavyovuna shamba. Alimaliza herufi A, akaiacha, akaingia B. Kila neno alilifunga kwa tafsiri moja ya Kiswahili na kulitupa ghalani. Alipofika mwisho alijiona tajiri. Siku ya mtihani alifungua ghala na kukuta nusu ya mzigo imeoza, na nusu nyingine haijulikani ni ya nani.

Mwezi wa Julai mwaka uliofuata, mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, hakuwa na nafasi ya kujifungia. Mzee Mathenge alikuwa na mkataba wa kukuza mahindi ya mbegu katika shamba lake nje ya mji wa Kitale, upande wa Mlima Elgon, na Nyaruai ndiye aliyekuwa msimamizi. Mahindi ya mbegu hayalimwi kama ya ugali. Kuna mistari ya kiume na mistari ya kike, na ile ya kike lazima ing'olewe mbelewele, maua yale ya kileleni, kabla hayajamwaga chavua. Likiachwa ua moja likapukutika, linaharibu majirani wake wote, na mkaguzi akiyaona kadhaa ya namna hii, shamba zima linakataliwa. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, asubuhi, umande ukiwa bado unalowesha nguo mpaka kifuani.

Waliokuja kuifanya walikuwa wanawake kutoka Kabuchai na Sirisia, upande wa Bungoma, waliokuja kila msimu na kukaa shambani hadi uishe. Kiongozi wao aliitwa Jentrix, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupita mistari sita bila kuinuliwa. Nyaruai alimwita Mama Jairus kwa heshima. Yeye alimwita Nyaruai Madam, kwa heshima pia, ingawa neno hilo mdomoni mwake lilikuwa na chumvi kidogo.

Asubuhi moja Jentrix alisimama kwenye mstari ambao Nyaruai mwenyewe alikuwa ameusafisha siku iliyotangulia. Mbelewele zilikuwa zimesimama hapa na pale juu ya majani, zimejipamba.

"Madam," alisema, "hii laini si ulisema jana imeisha?"

"Ilikuwa imeisha."

"Imeisha aje, na hii hapa inatuangalia?"

Nyaruai aliishika ile mbelewele akaivuta, ikatoka na mlio wake mdogo. Alijua fika kwa nini ilikuwepo. Kila mhindi una siku yake. Jana ua hili lilikuwa limejificha ndani ya jani, na hakuna jicho ambalo lingeliona. Ndiyo sababu mstari wa mbegu haumalizwi. Unaupita leo, unaupita kesho, unaupita kesho kutwa, na kila unapopita unakuta yale tu yaliyokuwa yamejificha. Alikuwa akiwaeleza vibarua jambo hili tangu alipomaliza chuo. Alisimama pale na mbelewele mkononi, umande ukimtiririka kwenye kiwiko, akajiuliza ni kwa nini aliyafanyia maneno kile ambacho asingeyafanyia mahindi.

Siku hiyohiyo alitafuta kalamu ya wino mzito. Mwanzoni mwa kila mstari palikuwa na kigingi cha kuonyesha kama ni wa kike au wa kiume, na kwenye kila kigingi aliandika neno moja la Kiingereza. Hakujali alfabeti tena. Alipoingia mstarini alilibeba neno, akalisema kwa kila hatua, akalitungia sentensi, na alipotokea upande wa pili alikuwa amelitumia kwa mkulima, kwa mvua, kwa ng'ombe wa jirani. Kesho yake alirudi kwenye kigingi kilekile. Maneno mengine yalikuwa yametulia. Mengine yalikuwa yamejificha, naye akayang'oa upya.

Ilikuwa kazi ya siri kwa muda mfupi sana, maana Jentrix hakuumbwa kuvumilia siri. Aliuliza Madam anaongea na mahindi ama anaomba. Nyaruai alijaribu kulipuuza swali, akashindwa, akaeleza. Alitarajia kucheka kwao. Badala yake Jentrix aliinama, akakisoma kigingi kilichokuwa karibu herufi kwa herufi, na kuuliza hilo "garrulous" ni la mtu wa aina gani. Nyaruai akasema ni mtu anayeongea mno, tena mambo yasiyo na uzito.

"Huyo ni shemeji yangu," Jentrix alisema bila kufikiri. "Andika jina yake hapo."

Kuanzia hapo maneno yalipata watu. "Obdurate", mkaidi asiyelegea hata kwa maombi, akapewa fahali wa jirani. "Laconic", mtu wa maneno machache, hakuhitaji mjadala. Wote waligeuka kumtazama Mzee Mathenge, aliyekuwa akikagua uzio mbali kule bila habari. Ubishi mkubwa ulizuka juu ya maneno mawili ambayo Nyaruai alikuwa ameyakariri yote kwa tafsiri moja, bahili. Lakini "frugal" na "miserly" si ndugu wa tumbo moja, akaeleza, na wanawake wakataka kujua tofauti. Walipoielewa walimsaidia kuieleza vizuri kuliko kitabu: kuna mama anayepima mafuta kwa kijiko ili yafike mwisho wa wiki, na kuna mama anayeyaficha mgeni anapobisha hodi. Walitaja mifano ya wote wawili, kwa majina na kwa kijiji. Nyaruai alicheka hadi akakaa chini, na maneno yale mawili hayakuchanganyikana tena kichwani mwake maisha yake yote.

Siku moja, wakati wa uji, aliwasimulia habari za disiki. Hakukusudia, ilimtoka tu. Kumbe karibu wanawake wote waliivaa, huko Kabuchai na Sirisia, kwa kosa la kuongea Kibukusu, lugha ya kwao.

"Hata mimi nirivaa," Jentrix alisema. "Mpaka kamba ikanikwaruza shingo. Lakini Madam, hebu niambie. Huyo mwalimu alikuwa anasikiriza nini? Kizungu chako ama makosa yako?"

"Makosa."

"Basi Kizungu chako hakuna mtu amewahi kusikiriza. Sisi tutasikiriza."

Akang'oa mbelewele ndefu kutoka mhindi wa karibu, akaiweka katikati ya duara, akatangaza sheria: atakayekosea neno ataichomeka kwenye kitambaa cha kichwa, na kutembea nayo mpaka mwingine akosee. Kwa kitambo kidogo Nyaruai alihisi kamba ya kale shingoni. Kisha akamwona Rosaline wa Sirisia, mama wa makamo asiyecheka ovyo, akikosea neno la kwanza makusudi kabisa na kuinamisha kichwa avikwe. Alitembea nayo kama bibi harusi. Kufikia saa nne mbelewele ilikuwa imepita vichwa vyote, cha Nyaruai mara nyingi kuliko vya wengine, na chavua ilikuwa imemjaa kwenye nyusi. Hakuwa amefurahi namna ile tangu utotoni.

Kung'oa kuliisha, zikabaki kazi ndogondogo. Mkaguzi alipita shambani akalikubali lote, na mzee akasema vema, neno ambalo kwake lilikuwa hotuba. Wanawake waliomba ruhusa kwa pamoja ya kwenda makwao mwezi wa Agosti, wakisema kuna wageni nyumbani. Nyaruai akawapa bila kuuliza wageni gani. Kichwa chake kilikuwa kwenye tarehe. Kituo cha mtihani cha Nairobi kilikuwa kimejaa hadi baada ya Septemba, kwa hivyo ilibaki njia moja, kuufanya kwa kompyuta mahali pa faragha huku msimamizi akimtazama kwa kamera kutoka mbali. Nyumbani haikuwezekana, kila mvua iliponyesha kule shambani stima ilikwenda zake. Rafiki yake Manisha, waliyesoma naye sekondari Kitale, alikuwa ameolewa Bungoma mwaka uliotangulia, kwenye familia yenye duka la vitambaa. Alimwambia kwamba ghorofani kuna chumba kitulivu, betri za akiba na mtandao usiokatika. Mumewe Varun angekuwa Nairobi kuchukua mzigo, na katikati ya wiki dukani hakuna vurugu. Walichagua tarehe. Nyaruai hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata Jentrix, kwa sababu anayejua tarehe ya mtihani huuliza matokeo. Alimwambia baba yake jioni ya kuamkia safari tu, kwa kuwa gari lilikuwa lake.

Waliondoka Kitale alfajiri kwa pikapu ya mzee. Walikuwa wakikaribia Kamukuywa, ambako akina mama walikuwa wakipanga ndizi kando ya barabara na ukungu ulikuwa bado umelala kwenye miwa. Hapo Nyaruai alishindwa kuubeba mzigo zaidi. Alisema kwa Kigikuyu, akitazama mbele.

"Baba, ule mtihani wa kwanza sikuanguka."

Mzee Mathenge alipunguza mwendo. "Ulipita?"

"Sijui. Waliniuliza kama nataka kuona alama au zifutwe. Nikaogopa. Nikafuta."

Mzee aliegesha gari kando, akazima injini, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Nyaruai alisubiri hasira, na aliona kuwa anaistahili.

"Kwa hivyo mwaka mzima kanisani nimekuwa nikitetea jambo ambalo halikutokea," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Baba."

"Nimelieleza mpaka mchungaji akakuombea mbele ya watu."

"Nilikuwepo."

Mabega ya mzee yalianza kutikisika, na ikamchukua Nyaruai muda kuelewa kwamba anacheka. Alicheka bila sauti, jicho moja likimtoka machozi, kisha akalipangusa kwa kofia na uso ukarudi kuwa wa kawaida. "Hukunidanganya kwa ubaya," alisema. "Lakini maitu, shamba halikaguliwi kwa kufumba macho." Akawasha gari. Nyaruai alijihisi mwepesi kiasi cha kutaka kuimba, ingawa hofu ya mtihani ilikuwa palepale ilipokuwa.

Manisha aliwapokea mlangoni akiwa ameshika kikombe. "Sasa, Nya? Kunywa haraka, bana, usiingie na njaa," alisema, akamkaribisha mzee kwenye benchi la wateja na kumwita Baba kana kwamba ni wake. Chumba cha ghorofani kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na majora ya vitambaa yaliyopangwa hadi darini. Kilikuwa kimya kabisa. Nyaruai alifunga mlango, akawasha kompyuta, na sauti ya mwanamke wa mbali ikamtaka aizungushe kamera aonyeshe kuta, meza, chini ya meza, kisha afungue kitambaa cha kichwa aonyeshe masikio. Msimamizi alitaka kujua kuna nini nyuma ya majora yale. Nyaruai alijibu kwa sauti ndogo kwamba kuna majora mengine. Mtihani ukaanza.

Maneno yalikuja, na mengi yalikuja na watu wao. Aliposoma swali moja alimwona yule fahali. Katika lingine alimsikia shemeji wa Jentrix akipiga domo. Alikuwa anasonga vizuri, tena kwa raha, na sehemu kubwa ya msamiati ilikuwa imebaki mbele yake. Hapo ndipo aliposikia chuma kikigongwa barabarani.

Kwanza kilikuwa mbali. Kisha kikasogea, na pamoja nacho sauti za watu wengi, mmoja akianzisha na wengine wakimjibu, na vishindo vya miguu vilivyofanya dirisha lilie. Nyaruai alielewa yote kwa pigo moja. Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka unaogawanyika kwa mbili: msimu wa tohara ya Wabukusu, ambapo mtahiriwa huzunguka na kengele zake za chuma kuwaalika jamaa, na mji mzima humfuata akiimba. Alilijua jambo hilo. Aliyekulia Trans-Nzoia, kaunti ya Kitale, hawezi kutolijua. Lakini ilikuwa kalenda ya jirani, na mtu hachagui tarehe kwa kalenda ya jirani. Manisha alikuwa bado hajamaliza miaka miwili Bungoma. Wageni wa Jentrix walikuwa ndio hawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapa wafanyakazi wake wote ruhusa ya kwenda kwenye kelele zilizokuwa zikipita sasa chini ya dirisha lake.

Mtihani ulisimama. Sauti ya yule mwanamke ilirudi, kali kidogo. Alisema anasikia watu chumbani, na kwamba kuwa na mtu yeyote chumbani ni sababu ya kuufuta mtihani. Akamtaka aeleze.

Mkono wa Nyaruai ulikwenda shingoni, pale kamba ya disiki ilipokuwa ikikaa. Akaona Septemba ikipita, akamwona profesa akimwandikia mtu mwingine. Mwanamke akarudia swali lake, na safari hii Nyaruai alimsikia vizuri. Haikuwa sauti ya mtu anayetega kosa. Ilikuwa sauti ya mtu asiyejua kinachoendelea, aliye mbali sana, anayeuliza. Anayejua alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeketi kwenye kiti hiki.

Basi akaongea. Alisema kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu chumbani, na akaizungusha kamera tena bila kuombwa. Alisema kelele zile ni "raucous", za kupasua masikio kweli, lakini hazina ubaya. Kwamba ni msafara wa sherehe ya kuwaingiza vijana utu uzima. Kwamba upo tu katika miaka fulani na katika mwezi huu. Kwamba ni "transient", wa kupita, na ungepinda kona baada ya muda mfupi. Akaeleza kengele zinavyogongwa kwenye bangili za chuma, na kwa nini jamaa lazima waalikwe ana kwa ana. Sentensi zilikuja zikiwa nzima, ndefu, zimeshikana. Wakati fulani alitambua kwamba hatafuti maneno, anayachagua. Alitambua pia kwamba sauti yake imepanda na kujaa chumba, na kwamba hana haja ya kuishusha.

Kisha msimamizi akauliza, kwa sauti iliyokuwa imelegea, kama kijana mwenyewe huogopa. Swali hilo kwa hakika halikuwa katika kanuni zake. Nyaruai alisema ndiyo, nadhani huogopa sana, lakini barabara nzima inamtazama na yeye anaendelea kugonga. Mwanamke akasema asante, akasema ameridhika, na mtihani ukaendelea.

Msafara haukupinda kona haraka kama alivyoahidi. Ulisimama mbele ya duka na kucheza kwa moyo wote, na Nyaruai akajibu sehemu yote iliyobaki huku sakafu ikitetemeka chini ya viatu vyake. Ajabu ni kwamba hakusumbuka. Alifanya kazi kwa mdundo wao. Kifungu kimoja kirefu, ambacho Nairobi kingemfanya atokwe na jasho, alikisoma na kukipinga moyoni, akiona mwandishi wake ametumia neno moja zito pale ambapo jepesi lingetosha.

Kisha likaja lile swali la mwisho. Zihifadhiwe, au zifutwe? Hakulisoma mara mbili. Alibofya, akayaacha macho yake wazi. Namba ikatokea. Aliitazama, akaisoma kwa sauti kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kigikuyu, na katika lugha zote tatu ilikuwa juu ya ile waliyomtaka aifikie, tena juu kwa mbali. Akapiga kofi mezani. Akaruka. Akalikumbatia jora la kitambaa chekundu lililokuwa karibu naye na kulia ndani yake kwa furaha, na baadaye Manisha alikataa katakata kukiuza kitambaa hicho.

Aliposhuka ngazi, Manisha alimtazama usoni mara moja tu akapiga kigelegele alichojifunza Bungoma, na wateja wawili waliokuwa wakipima shuka wakaitikia bila kujua sababu. Mzee Mathenge hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amesimama nje ya mlango, mikono nyuma, akiutazama msafara ukiishia upande wa soko. Nyaruai akaenda kusimama naye, akamtajia namba.

"Inatosha?" mzee aliuliza.

"Inatosha na kubaki, Baba."

Mzee aliinamisha kichwa polepole. Furaha ilimpanda usoni, ikafika machoni, na hapo ikakutana na jambo jingine. Nyaruai aliliona likija. Kwa miezi yote ile alikuwa amejiandaa kwa maswali ya kila namna, na hili moja hakuwahi kulifikiria.

"Unaondoka lini, maitu?"

"Mwakani. Agosti."

"Machi tutapanda," mzee alisema, akijihesabia. "Julai tutang'oa. Basi bado tuna msimu mmoja."

Vumbi la wachezaji lilikuwa likishuka barabarani, na mwenye duka la pili alitoka na ndoo kulinyunyizia maji. Mzee Mathenge alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, akakohoa kidogo. Nyaruai alikuwa na umri wa kutosha kuwa na watoto, na katika umri huo wote hakuwahi hata mara moja kumsikia baba yake akisema Kiingereza. Wala hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Me," mzee alianza, akasimama, akalitafuta neno lililofuata mbali sana, akalipata. "Me, I am very happy. For you to go."

Hakuwa amemaliza, palikuwa na sentensi nyingine inakuja, ngumu kuliko ile ya kwanza. Nyaruai akamsogelea, akatulia, akamsikiliza.